Tufundishwe kupika, si kutajiwa vyakula tu

Katika kurasa hizi umezoea kusoma habari za chanjo, neti za mbu na maji safi. Leo naomba nafasi nizungumze nawe juu ya sufuria. Haya ni maoni yangu mwenyewe kama mhudumu wa afya wa kujitolea, mmoja wa wale mnaowaita VHT. Kama hukubaliani nami, nitafute tuzungumze.

Siku moja nilikuwa napita nyumba kwa nyumba na ule utepe wa kupimia mkono wa mtoto. Nilifika kwa mama mmoja, mtu mzima, anayemlea mjukuu wake wa mwaka mmoja na miezi miwili. Nilipima nikapata sentimita 12. Hiyo ni rangi ya njano. Nilimwandikia karatasi ya kwenda kituo cha afya, kisha nikafungua picha zangu na kuanza somo: mpe mtoto maziwa, mayai, samaki, nyama, matunda na mboga za majani. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Halafu akasema, "Mwanangu, hayo nimeyasikia tangu tukiwa Mulanda. Sasa niambie, nitayapika kwa kuni gani?"

Nilikosa jibu. Nilifunga picha zangu nikaaga.

Kwa wale wasioijua, Mulanda iko wilaya ya Tororo, mashariki mwa Uganda. Ndiko tulikopelekwa Wakenya wengi tuliovuka mpaka mapema mwaka 2008, baada ya vurugu za uchaguzi wa Desemba 2007. Mimi nilikuwa mtoto mdogo wa shule. Baadaye tulihamishiwa huku Kiryandongo. Kwa hiyo mama yule alikuwa ananiambia kwamba amesikiliza somo lilelile kwa miaka mingi, na bado hakuna aliyemjibu swali lake.

Tatizo si kutojua

Maoni yangu ni haya: watu wengi hapa wanajua chakula bora ni kipi. Kinachowashinda ni moto na muda, pamoja na pesa. Somo la lishe lisiloeleza ni kuni ngapi na dakika ngapi ni somo nusu.

Fikiria hali yetu. Mwezi Aprili 2020 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, lilipunguza mgao wetu kwa asilimia 30 kwa sababu ya uhaba wa fedha. Mwaka 2023 tuligawanywa katika makundi kulingana na uhitaji, na wengine wakaondolewa kabisa kwenye orodha. Mwaka 2025 wengine wengi zaidi waliondolewa. Kuni nazo zinatafutwa mbali kila mwaka, na huko akina mama na wasichana wanakutana na hatari na ugomvi. Mtu akipata mzigo mmoja wa kuni, anafanya hesabu. Anawasha moto mara moja kwa siku, anapika posho na maharagwe jioni, basi.

Mtu mzima anaweza kuvumilia mlo mmoja. Mtoto mdogo hawezi. Tumbo lake ni dogo, halijazi chakula cha siku nzima kwa mara moja. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 anahitaji kulishwa mara 2 au 3 kwa siku, na wa miezi 9 hadi miaka miwili mara 3 au 4, pamoja na kunyonya. Ndiyo maana nasema chakula kinachoiva haraka si uvivu wala mambo ya wanafunzi wa bweni. Kwa mtoto ni dawa.

Nilipofika nyumbani siku ile nilijiuliza: mbona mimi mwenyewe niliwahi kuishi kwa moto mdogo na sikudhoofika? Nilikumbuka Jinja na Mbale.

Nilichojifunza Jinja

Shangazi yangu ameolewa Jinja, na likizo nyingi nilikaa kwake. Karibu na mji ule kuna mwalo wa Masese, ambako wavuvi wa Ziwa Viktoria huleta mukene. Ni wale samaki wadogo wa rangi ya fedha ambao sisi Wakenya tunawaita omena, na Watanzania wanawaita dagaa. Shangazi hakuwa na pesa za kununua sato, lakini nyumba yake haikukosa mkebe wa unga wa mukene.

Alifanya hivi. Alichambua mukene na kuondoa mawe na takataka. Aliwaosha kwa maji ya vuguvugu mara mbili au tatu mpaka mchanga ukaisha, maana wengi huanikwa chini. Aliwaanika tena wakakauka kabisa, akawakaanga bila mafuta kwa dakika chache mpaka wakavunjika kwa vidole, akawatwanga na kuchekecha. Unga ule aliuweka kwenye mkebe mkavu wenye kifuniko. Kazi hiyo alifanya mara moja kwa majuma mawili. Baada ya hapo, kila alipopika alichota kijiko kimoja akatia kwenye mboga, maharagwe au uji usio na sukari. Hakuhitaji moto wa ziada.

Mukene huliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo hutupa protini, madini ya chuma na kalisi kwa pamoja. Hata hivyo najua wengi hapa wanamdharau. Wanasema ananuka, ni chakula cha kuku. Ni kweli sehemu kubwa ya mukene hununuliwa kutengeneza chakula cha kuku. Basi jiulize, mwenye kuku anaona faida gani ndani yake ambayo sisi hatuioni kwa watoto wetu? Katika soko la Bweyale anapimwa kwa kikombe cha tumpeko, na hata nusu kikombe utauziwa.

Jambo la pili la Jinja ni yai. Pale mjini vijana huuza rolex kila kona, yaani chapati iliyoviringishwa na yai la kukaanga. Ni tamu, lakini pesa ya rolex moja inaweza kulisha watoto zaidi ya mmoja ukipika nyumbani. Piga yai moja au mawili kwenye bakuli. Tia unga wa ngano vijiko vichache, maji, chumvi kidogo, kitunguu na majani ya dodo yaliyokatwa vizuri. Koroga uwe uji mzito, kisha mimina kidogo kidogo kwenye kikaango chenye mafuta machache. Kila chapati ya maji huiva kwa dakika tatu au nne. Yai moja linawafikia watoto watatu.

Jambo la tatu halihusu sufuria bali shamba. Ukitoka Jinja kwenda Iganga utapita Kakira, na utaona miwa pande zote za barabara. Familia nyingi za Busoga zilipanda miwa au kukodisha ardhi yao kwa ajili ya miwa, na sasa hununua chakula ambacho zamani walilima. Nayasema haya kwa sababu hata hapa kwetu kuna watu wanaopanda mahindi ya kuuza mpaka mlangoni. Acha kipande hata cha hatua tano kwa tano. Panda dodo, kunde na sukuma wiki, na uwamwagilie maji uliyooshea mboga. Dodo huanza kuvunwa baada ya wiki nne hivi. Mboga iliyo mlangoni haina gharama ya safari.

Nilichojifunza Mbale

Sekondari nilisoma Mbale, chini ya Mlima Elgon. Sikuwa bwenini. Nilipanga chumba kimoja na wenzangu wawili, na sigiri yetu ilikuwa moja. Makaa tulinunua ya mfuko mdogo, nayo yalipaswa kutosha jioni nzima.

Watu wa kule, Bamasaba, wana chakula chao cha heshima kiitwacho malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya mlimani, hukaushwa kwa moshi, kisha hupikwa kwa karanga zilizosagwa. Malewa yenyewe si chakula cha haraka, maana lazima yalowekwe na kuchemshwa vya kutosha. Lakini jirani yetu mmoja, mama muuza mboga, alituonyesha kwamba karanga zilezile zinafanya kazi na majani yoyote, na hiyo ikawa mboga yetu ya kila siku.

Unahitaji karanga zilizosagwa kikombe kimoja, nyanya mbili, kitunguu kimoja, fungu la dodo au majani ya kunde, na chumvi. Chemsha nyanya na kitunguu kwa maji vikombe viwili. Koroga karanga na maji baridi kwenye bakuli mpaka zisiwe na madonge, kisha mimina kwenye sufuria. Punguza moto. Koroga mara kwa mara ili zisifurike wala kushika chini, kwa dakika kama kumi na tano. Tia majani yaliyooshwa na kukatwa, pamoja na kijiko cha unga wa mukene, uache dakika tano. Tia chumvi, epua. Kwa dakika ishirini na tano una mboga yenye protini, mafuta, vitamini A na madini ya chuma. Mafuta ya karanga husaidia mwili kuchukua ile vitamini A iliyo kwenye majani. Nyanya husaidia mwili kuchukua madini ya chuma.

Karanga zilizoota ukungu, zilizobadilika rangi au zenye uchungu zitupe. Ukungu huo una sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi.

Maharagwe, na viazi juu yake

Maharagwe ndiyo yanayomaliza kuni zetu, lakini dawa yake ni maji. Yaloweke tangu jioni. Asubuhi mwaga maji hayo, tia mapya, funika sufuria, uchemshe. Yatawahi kuiva kuliko yasiyolowekwa. Acha yachemke kwa nguvu kwanza, angalau dakika kumi, maana maharagwe yasiyoiva yanaumiza tumbo.

Moto huohuo upe kazi ya pili. Katika Busoga na Buganda watu hufunga viazi vitamu kwenye majani ya ndizi na kuviweka juu ya kinachochemka. Vikiiva, viponde pamoja na maharagwe. Wao huita mugoyo. Mtoto wa miezi minane anakula, na babu asiye na meno anakula. Ukipata mbegu ya viazi vya rangi ya chungwa, ipande, maana vina vitamini A nyingi. Mganda mmoja, Robert Mwanga, alikuwa miongoni mwa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa viazi hivyo.

Ukiwa na kikapu kipana, weka ndani majani makavu ya ndizi au blanketi kuukuu. Maharagwe yaliyolowekwa na kuchemka nusu saa, weka sufuria yake ndani ya kikapu ikiwa bado inatokota, funika vizuri, uende zako shambani. Joto litaendelea kupika. Ukirudi, yachemshe tena kidogo kabla ya kula.

Haraka isiyofaa

Nisieleweke vibaya. Si kila kitu kinafaa kuharakishwa. Ndugu zetu Wakongo wanajua kwamba sombe hutwangwa na kuchemshwa muda mrefu. Endeleeni hivyo hivyo. Majani ya mihogo yana sumu ambayo hupungua kwa kutwanga na kuchemsha vya kutosha, na muhogo mchungu nao una taratibu zake za kulowekwa na kukaushwa. Usikubali mtu akufundishe njia ya mkato hapo.

Chai ya rangi nayo tuiangalie. Nyumba nyingi hunywa chai pamoja na chakula, na wengine humpa hata mtoto mdogo. Chai huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na mtoto anayeijaza tumboni hana nafasi ya chakula. Kama unaipenda, inywe saa moja au mbili baada ya kula. Mtoto mdogo asipewe kabisa.

Chakula kilichobaki kifunike, kiliwe siku hiyohiyo, na kichemshwe mpaka kitokote kabla ya kumpa mtoto. Osha mikono kwa sabuni kabla ya kupika na kabla ya kulisha.

Kwa wanaume wenzangu

Mimi ni kijana wa kiume, na najua wapo watakaocheka kwamba naandika habari za kukoroga karanga. Cheka, lakini nisikilize. Nilipopanga chumba Mbale hakukuwa na dada wa kunipikia. Nisingepika ningelala njaa. Hapa kambini naona vijana watatu wamekaa wanacheza karata, wakimsubiri mama aliyetoka kutafuta kuni tangu asubuhi arudi awapikie. Mboga ya dakika ishirini na tano haimshindi kijana. Kutwanga mukene kunahitaji nguvu ya mikono, na nguvu hiyo tunayo.

Kwa wanaotuhudumia

Nawaomba pia wakubwa wetu katika afya na mashirika, kwa heshima. Mnapotuletea picha za vyakula, tuleteeni na sufuria. Somo lifanyike kwenye moto, kwa vitu vinavyouzwa Bweyale na kwa kuni zilizohesabiwa mbele ya watu. Mama aone kwa macho yake kwamba kuni chache zimetosha. Msimwambie anunue maziwa kila siku bila kumuuliza ana nini nyumbani. Na tunapozungumza juu ya lishe, tuzungumze pia juu ya majiko yanayotumia kuni kidogo, miche ya miti na mashine ya kusaga iliyo karibu.

Hapa nataka niwe mkweli. Unga wa mukene haujazi pengo la mgao uliokatwa. Kuna watu husema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," kana kwamba sisi hatujashika jembe. Tumelishika. Lakini shamba dogo lisilo na mvua halilishi watu wanane, na mtu asitumie makala yangu kusema kwamba wakimbizi wana njaa kwa sababu hawajui kupika. Ninachosema ni kwamba kidogo tulichonacho kinaweza kumfikia mtoto mara tatu kwa siku badala ya mara moja, na tofauti hiyo ni kubwa.

Nilirudi kwa yule mama

Baada ya wiki moja nilirudi kwake na mkebe wa unga wa mukene, karanga nusu kikombe na fungu la dodo. Sikubeba picha. Nilimwomba nipike kwenye jiko lake, kwa kuni zake. Alikaa kwenye kigoda akinitazama, na nadhani alikuwa anajizuia asicheke. Tulitumia vijiti vitatu vya kuni, vya unene wa kidole gumba.

Mtoto alikataa uji wenye mukene. Aligeuza uso. Nilifadhaika, lakini bibi yake alinyamaza kidogo, akachukua kijiko, akaweka unga ule kwenye maharagwe aliyoyaponda na nyanya. Mtoto akala. Akaniambia, "Umefundisha vizuri, mwanangu, ila huyu namjua mimi." Kwa hiyo sasa hata mimi nafundisha hivyo: mtoto akikataa kwenye uji, tia kwenye maharagwe yenye nyanya.

Kituo cha afya walimpa chakula cha nyongeza na kumfuatilia, na bibi alifanya sehemu yake nyumbani. Siku ya mwisho niliyompima mkono ulikuwa sentimita 12.6, rangi ya kijani. Nitaendelea kumpima.

Ndugu msomaji, kama una mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5, mlete apimwe. Kijani ni sentimita 12.5 na zaidi. Njano ni kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5, na asicheleweshwe. Nyekundu ni chini ya 11.5, na hapo usisubiri kesho, nenda kituo cha afya leo. Akivimba miguu yote miwili, nenda leo hata kama utepe unaonyesha kijani.

Na kama una pishi lako la haraka ulilokuja nalo kutoka kwenu, tuletee. Najua dada zetu wa Sudan Kusini na mama zetu wa Kongo wana mengi. Tupime dakika, tuhesabu kuni, tuyaandike katika toleo lijalo.



Mhudumu wa afya wa kujitolea, Kiryandongo